Baiskeli ya mizigo kwa mahitaji ya nyumbani Dodoma: mwongozo kamili wa kuchagua, kuandaa, kupakia na kuendesha

Katika mitaa ya Chang'ombe, Nkuhungu, Kizota na Ipagala, baiskeli iliyobeba madumu ya maji au gunia la mkaa ni jambo la kawaida. Hata hivyo, kazi hiyo imeachiwa zaidi wauza maji na wachuuzi, ilhali kaya nyingi zenye mizigo midogo ya kila siku hulipia bodaboda au guta kwa safari ya kilomita mbili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kaya hizo: mama anayepeleka mahindi mashineni, baba anayefuata mtungi wa gesi, kijana anayetumwa maji pale bomba linapokauka, na mwenye genge dogo anayenunua mboga sokoni alfajiri. Msimamo wangu ni kwamba baiskeli ya nyumbani haipaswi kupimwa kwa mzigo mkubwa inaoweza kuustahimili siku moja. Ipimwe kwa mzigo wa wastani inaoubeba kila siku bila kukata spoku, bila kumchosha mwendeshaji na bila kumwangusha njiani. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kigezo hicho.

Hatua ya kwanza: fahamu uzito wa mizigo yako na njia utakazopita

Kabla ya kwenda dukani, andika kwa wiki moja kila kitu ambacho familia yako imekibeba au imekilipia kibebwe, pamoja na umbali wake. Uzito wa vitu vingi vya nyumbani unajulikana bila mizani. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 20 lina kilo 20 kabla ya kuhesabu dumu lenyewe, na debe la mahindi hukaribia uzito huohuo. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa gesi unaoitwa wa kilo 15 huwadanganya wengi, kwa sababu namba hiyo ni ya gesi peke yake. Ukijumlisha chuma cha mtungi, unabeba takriban kilo 30. Gunia ndilo kipimo kisichoaminika kabisa, hasa likiwa limefungwa kwa lumbesa, na ni vema kulikadiria kwa madebe yaliyomo kuliko kwa jina lake.

Kwa matumizi ya kaya ninapendekeza mipaka miwili. Mzigo wa hadi kilo 60 unaweza kubebwa na baiskeli imara huku umeketi na kukanyaga. Kati ya kilo 60 na 100, shuka usukume, na upite njia iliyonyooka isiyo na mteremko mkali. Mzigo unaozidi hapo ni wa guta au mkokoteni, hata kama kila siku unawaona vijana wakiubeba kwa baiskeli. Wao wameifanya kazi hiyo kwa miaka, na baiskeli zao hupelekwa kwa fundi mara kwa mara.

Kuhusu njia, sehemu kubwa ya mji wa Dodoma ni tambarare iliyoinuka kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yenye vilima vya mawe vilivyotawanyika. Tambarare hiyo ni neema kwa mwendesha baiskeli, ila kuna mambo matatu ya kuzingatia: mchanga mlaini katika barabara za mitaani, makorongo yanayojaa maji ghafla kati ya Desemba na Aprili, na upepo. Upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kwa kawaida huzidi nguvu mchana. Anayeishi katikati ya mji na kununua bidhaa katika Soko Kuu la Job Ndugai pale Nzuguni, mashariki mwa mji, ana bahati, kwa kuwa anakwenda akiwa mtupu dhidi ya upepo na kurudi na mzigo akisukumwa na upepo huohuo. Anayeishi Ihumwa au Mtumba, nako ni mashariki, na kufuata mahitaji mjini hukutana na hali ya kinyume, kwa hiyo aondoke mapema ili arudi kabla upepo haujapamba moto.

Hatua ya pili: chagua chombo kinachofaa

Kwa kaya nyingi za Dodoma chaguo la kwanza linabaki kuwa ile baiskeli kubwa ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, ambayo wengi wanaifahamu kwa majina ya Phoenix na Avon. Fremu yake ni ndefu, hivyo haiyumbi upesi inapobebeshwa mzigo nyuma. Chuma chake kinaweza kuchomelewa na fundi yeyote mwenye mashine, na vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye minada ya vijijini Bahi na Chamwino. Kasoro zake ni uzito, breki dhaifu na lile bomba la juu linalomsumbua anayevaa sketi au khanga. Ipo ya fremu iliyoshushwa bomba, ambayo hupinda kidogo zaidi chini ya mzigo mkubwa lakini haina shida yoyote kwa kilo 40 za kila siku.

Chaguo la pili, ambalo naona halijapewa heshima linalostahili, ni baiskeli za mjini zilizotumika kutoka Japani. Zina fremu ya kushuka na kikapu mbele, na nyingi zina stendi ya miguu miwili inayoishikilia wima wakati wa kupakia. Keria zake nyingi zimegongwa namba 18, 25 au 27, na hizo ni kilo ambazo keria imepimwa kuzibeba. Namba 27 ndiyo inayoruhusu kiti cha mtoto. Kwa hiyo baiskeli hizi zinafaa kwa sokoni, shuleni na dukani. Kwa maji ya madumu manne hazifai mpaka keria ibadilishwe.

Baiskeli za milimani zenye magurudumu ya inchi 26 zina gia na matairi mapana yanayovuka mchanga vizuri, na gurudumu dogo huwa gumu zaidi kupinda. Chunguza tu kwamba fremu ni ya chuma na haina springi nyuma, kwa sababu fremu ya alumini haichomelewi na fundi wa mtaani, na springi ya nyuma hufanya keria iyumbe kila unapokanyaga.

Guta la kukanyaga la magurudumu matatu lina sifa moja kubwa: haliangukii upande likisimama. Linafaa kwa biashara ya maji, soda au matunda kwenye lami, lakini ni pana, ni zito mchangani, na hupinduka likikata kona kwa kasi. Zile baiskeli ndefu zenye sanduku mbele, ambazo Uholanzi na Denmark hutumiwa kubebea watoto na mahitaji ya nyumbani, ni vyombo vizuri sana; ugumu wake hapa ni kuziagiza na kupata vipuri vya gurudumu lake dogo la mbele. Ukipata ya umeme, hakikisha breki zake ni imara kuliko za baiskeli ya kawaida, na usiache betri juani, kwa kuwa joto kali hufupisha maisha yake.

Unaponunua iliyotumika, igeuze juu chini papo hapo. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya shingo ya usukani na pale bomba la kiti linapokutana na ekseli ya pedeli, ukitafuta ufa au rangi iliyopasuka kwa mstari. Zungusha magurudumu na uangalie kama ringi inacheza kulia na kushoto. Shika mikono ya pedeli uitikise kwa upande. Ikigonga, kotapini (vipini vinavyofunga mikono hiyo kwenye ekseli) zimelegea au gololi za kati zimekwisha. Hatimaye angalia namba iliyogongwa kwenye fremu, iandike kwenye hati ya mauziano, na ikiwezekana hati hiyo mkaiandikie mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ili siku baiskeli ikiibiwa uwe na cha kuonyesha polisi.

Hatua ya tatu: anza na gurudumu la nyuma

Mtu akiwa na fedha ya kuboresha sehemu moja tu ya baiskeli yake, aitumie kwenye gurudumu la nyuma. Ukipakia kilo 60 kwenye keria, karibu mzigo wote pamoja na sehemu kubwa ya uzito wako unaangukia gurudumu hilo, na kila shimo unalopita huuzidisha uzito huo kwa mara kadhaa. Ndiyo maana matatizo ya baiskeli ya mizigo kwa kiasi kikubwa huanzia huko: spoku zinakatika, ringi inapinda, ekseli inavunjika, tairi linachanika ubavuni.

Hesabu spoku. Baiskeli nyingi za kale za inchi 28 zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na mpangilio huo ulifanywa kwa ajili ya mizigo. Gurudumu lenye spoku 36 linatosha pia, ilimradi ziwe nene na zimekazwa sawasawa. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2. Zipo nene zaidi za milimita 2.3 na 2.6, nazo zinafaa upande wa nyuma endapo matundu ya habu (kitovu cha gurudumu) na ringi yanazipokea. Unapokwenda kwa fundi, mwambie: "Fundi, naomba unisukie gurudumu la nyuma upya, spoku zote za aina moja, na nitalirudisha ulikaze tena baada ya wiki ya kwanza ya mizigo." Sehemu ya mwisho ya ombi hilo ndiyo inayosahaulika. Spoku mpya hujikalia kwenye matundu yake zikishabeba uzito, zikalegea, na spoku iliyolegea huchezacheza hadi ikakatika kwenye kona yake ya habu.

Kujua hali ya spoku hakuhitaji kifaa. Zibane mbilimbili kwa vidole gumba na vya shahada kuzunguka gurudumu zima. Zile zinazolegea kuliko jirani zake utazihisi mara moja. Vilevile zigonge kwa kijiti usikilize: zilizokazwa hutoa mlio unaofanana upande mmoja hadi mwingine, na iliyolegea hutoa mlio mzito uliokufa. Ikikatika moja, usiendelee na mizigo kwa kudhani zilizobaki zinatosha, kwa maana jirani zake zimekwisha kubeba kazi yake.

Sasa tairi. Chagua lenye ubavu mnene, na usome upepo unaotakiwa, ambao umeandikwa kwenye ubavu wa tairi lenyewe. Mzigo unapoongezeka, jaza nyuma hadi kukaribia kiwango cha juu kilichoandikwa. Upepo mdogo chini ya mzigo hufanya ringi igonge ardhi kupitia tairi, na tyubu hupata matobo mawili sambamba, kila moja upande wake. Baiskeli nyingi za inchi 28 hutumia valvu yenye kimpira chembamba ndani yake, na joto la Dodoma hukikausha kimpira hicho hadi kikapasuka. Tairi likipungua upepo polepole na tyubu haina tobo, toa kimpira hicho, ukivute kidogo uone nyufa zake, kisha uvalishe kingine. Beba viwili vitatu mfukoni. Ni bei ya pipi. Anayeweza kupata tyubu yenye valvu kama ya pikipiki na ringi yenye tundu linaloipokea anaweza kujaza upepo gereji, lakini amwombe fundi aingize kidogo kidogo, kwa kuwa kompresa inaweza kupasua tyubu ya baiskeli ndani ya sekunde chache.

Adui mkubwa wa tairi hapa kwetu ni miiba ya migunga na mbigiri. Mbigiri hutambaa pembezoni mwa barabara wakati wa mvua, kisha mbegu zake hukauka na kubaki zikielekeza miiba juu kiangazi kizima. Kinga inayofanya kazi ni kuweka utepe kati ya tairi na tyubu, uliokatwa kutoka tairi jembamba la zamani lililotolewa waya za pembeni. Kingo za utepe huo zichongwe ziwe nyembamba na laini, la sivyo zitaikata tyubu zenyewe. Ukipata pancha, kabla ya kuziba tyubu kagua tairi kwa ndani, ukipitisha kitambaa badala ya kidole. Kitambaa kitanasa kwenye ncha ya mwiba uliobaki, nawe utauvuta kwa koleo. Sugua tyubu kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, paka gundi nyembamba, na subiri mpaka ising'ae tena ndipo ubandike. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi huachia kikipata joto la lami ya mchana.

Hatua ya nne: keria, stendi, mwendo na breki

Keria inayokuja na baiskeli mpya kwa kawaida ni ya kubeba mtu au begi, tena kwa muda. Kwa maji na magunia, mwone fundi wa kuchomelea akutengenezee ya nondo ya milimita 10, yenye miguu miwili kila upande inayoshuka moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya nyuma, ili uzito uende kwenye gurudumu pasipo kupitia bomba la kiti. Miguu hiyo ifungwe kwa nati kwenye ekseli. Keria iliyochomelewa moja kwa moja kwenye mabomba membamba ya fremu huyadhoofisha kwa joto, na huwezi kuitoa gurudumu linapohitaji matengenezo. Uso wa keria uwe na upana wa viganja viwili hivi, na nyuma kuwe na kizuizi kifupi kilichoinuka ili mzigo usiteleze unapopanda kilima.

Jambo ambalo ningemsisitizia kila mmoja ni kuongeza vibao viwili vya pembeni, chini, usawa wa ekseli au juu yake kidogo, kila kimoja kikitosha dumu moja la lita 20. Madumu yanayokaa chini hufanya baiskeli itulie kwa namna ambayo mzigo uleule ukiwa juu ya keria hauwezi. Hakikisha vibao havigusi kisigino chako unapokanyaga: kaa kwenye kiti, zungusha pedeli kinyumenyume, na uone kama kuna nafasi ya vidole vitatu nyuma ya kisigino.

Stendi ya mguu mmoja haifai. Tengeneza au nunua ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini, na ncha zake ziwe na vipande bapa vya chuma ili zisizame mchangani. Baiskeli nyingi huanguka wakati wa kupakia, hata kabla ya safari kuanza.

Kuhusu mwendo, baiskeli kubwa mara nyingi huwa na sahani ya meno 48 mbele na friwili, yaani gia ya gurudumu la nyuma, ya meno 18. Kwa mpangilio huo, mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza baiskeli karibu mita 5.9. Ukiweka friwili ya meno 22, mzunguko huohuo unaisogeza mita 4.8. Utakwenda polepole kidogo, lakini magoti yatashukuru unapoondoka umebeba kilo 50 au unapopanda kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili au gurudumu kusogezwa mbele, kazi ambayo fundi huimaliza kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Nashangaa ni kwa nini marekebisho haya hayafanywi na kila mtu anayebeba mizigo.

Breki za vyuma vya kuvuta zinahitaji uangalifu. Raba zake zikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye ringi, na zile zilizokakamaa na kung'aa zibadilishwe, hata kama bado ni nene. Ringi ya chuma ikilowa, breki hushika kwa kuchelewa sana, hivyo wakati wa mvua vuta breki kidogo mapema ili kuifuta maji kabla hujaihitaji. Sijui baiskeli ya aina hii ambayo ningeiamini kuteremka mlima ikiwa na madumu matatu. Teremka kwa miguu.

Hatua ya tano: kupakia

Kanuni ni tatu na zinafuatana kwa umuhimu: mzigo uwe chini, uwe sawa pande zote mbili, na uwe mbele ya ekseli ya nyuma kadiri inavyowezekana. Mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli hunyanyua gurudumu la mbele na kuufanya usukani kuwa mwepesi mno.

Kwa maji, weka baiskeli kwenye stendi mahali tambarare na umwombe mtu ashike usukani. Weka dumu la kwanza upande mmoja, na la pili mara moja upande mwingine, kwa kuwa baiskeli iliyobeba kilo 20 upande mmoja tu huvunja stendi au kuanguka. La tatu, kama lipo, likae juu katikati, likilala kwa ubavu na mfuniko ukielekea juu. Jaza dumu hadi juu na ulifunge vizuri. Dumu la nusu ni baya kuliko lililojaa, maana maji yanayochezacheza huivuta baiskeli kushoto na kulia kila unapokata kona.

Kamba bora ni vipande vya tyubu ya pikipiki vilivyokatwa kwa urefu, kwa sababu vinavutika na kuendelea kubana hata mzigo unapojikalia. Kamba ya katani au ya manila hulegea mzigo ukitikisika, basi ukiitumia simama baada ya mita mia chache za mwanzo uikaze tena. Kila ncha inayobaki ifichwe chini ya mkunjo mwingine. Kipande kinachoning'inia kikiingia kwenye spoku au mnyororo, gurudumu hukwama papo hapo.

Kiroba cha unga au debe la mahindi kilazwe kwa urefu wa baiskeli juu ya keria. Mtungi wa gesi unapaswa kusafirishwa ukiwa wima, valvu ikiwa juu na imefungwa kwa kifuniko chake. Uweke kwenye kibao cha pembeni, na upande wa pili uweke kitu cha uzito unaokaribiana, hata kama ni dumu la maji la kusawazishia tu. Trei za mayai huwekwa juu ya mto wa gunia lililokunjwa na kufungwa kwa tyubu pana bila kukaza kupita kiasi. Zabibu, ambazo hapa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, zibebwe kwenye kreti zisizojazwa zaidi ya urefu wa kiganja, kwa kuwa vichala vya chini huchuruzika maji kwa mtikisiko. Saruji naishauri iende kwa guta. Kilo 50 zilizo kwenye mfuko mmoja haziwezi kugawanywa pande mbili.

Baada ya kufunga, tikisa mzigo wenyewe. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nao, umefunga vizuri. Mzigo ukitikisika peke yake, funga upya.

Hatua ya sita: kuendesha na kusukuma

Mara ya kwanza jizoeze na madumu mawili yaliyojaa kwenye uwanja mtupu, kama kiwanja cha shule jioni. Jifunze kwanza kusukuma. Simama upande wa kushoto wa baiskeli, mkono wa kushoto kwenye usukani na wa kulia kwenye kiti au kwenye mzigo, na uiegemeze baiskeli kwako kidogo sana. Kwa kuwa tunapita kushoto mwa barabara, mkao huo unakuweka mbali na magari. Kuondoka ukiwa umepanda, weka pedeli ya kulia juu, shuka kwenye stendi taratibu, kanyaga kwa nguvu mara moja na uangalie mbali mbele. Kuangalia gurudumu la mbele ndiko kunakowayumbisha wanaojifunza.

Umbali wa kusimama huongezeka kwa mzigo, kwa hiyo acha nafasi mara mbili ya unayoiacha ukiwa mtupu. Mchangani usikate kona wala kufunga breki ya mbele. Endelea kukanyaga kwa mwendo ule ule na usukani ulionyooka, na ukihisi gurudumu linazama, shuka kabla baiskeli haijakushusha. Kwenye korongo lenye maji yanayokwenda kasi, subiri. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa nguvu na kwa muda mfupi, na maji yaliyojaa ghafla hupungua ghafla vilevile.

Barabara kuu za kwenda Dar es Salaam, Arusha, Iringa na Singida zina malori na mabasi yanayokwenda mwendo mkubwa. Lori linapopita karibu, upepo wake kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani, na mwenye mzigo mpana huvutwa zaidi. Pale penye njia ya mtaani inayokwenda sambamba, ichague hata kama ni ndefu zaidi. Unapolazimika kutumia barabara kuu, pita pembeni ya lami, na kwenye mizunguko ya magari shuka uvuke kwa miguu kwenye kivuko. Usiku weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na hakikisha mzigo haujaifunika ya nyuma. Kipande cha rifleksa kikishonwa kwenye gunia la kufunikia mzigo, kitaonekana daima.

Mtoto asichanganywe na mzigo mzito katika safari moja. Awe na kiti chenye mkanda na mahali pa kukanyaga, na spoku za nyuma zizibwe kwa wavu au bati laini, kwa kuwa mguu wa mtoto ulioingia kwenye spoku huumia vibaya sana, na ajali hiyo ni ya kawaida mno kwa watoto wanaopakiwa nyuma.

Hatua ya saba: matunzo

Kila siku kabla ya kupakia: bana matairi kwa kidole gumba, vuta breki zote mbili, shika nati za ekseli. Kila wiki: bana spoku, futa mnyororo kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye kila pingili, kisha futa yanayobaki nje. Oili chafu ya injini iliyokwisha kutumika, ambayo wengi hupaka kwa kuwa ni ya bure, hunasa vumbi letu jekundu na kugeuka msasa unaokula meno ya friwili.

Mwezi Novemba, kabla ya mvua, fungua habu zote mbili. Habu ya nyuma ya kawaida huwa na gololi tisa za robo inchi kila upande; zioshe kwa mafuta ya taa, zitazame moja moja, na ikiwepo hata moja yenye madoa au michubuko, zibadilishwe zote kwa pamoja. Jaza grisi mpya, kaza koni (nati zinazobana gololi) mpaka ekseli isicheze lakini izunguke kwa urahisi kwa vidole. Rudia mvua zikiisha, kwa kuwa maji ya makorongo huingia ndani hata kama hukuyaona yakiingia.

Mnyororo upime kwa rula, kutoka katikati ya kipini kimoja hadi katikati ya kipini cha ishirini na tano. Ukiwa mpya, umbali huo ni milimita 305. Ukifika 308, badilisha mnyororo na friwili kwa pamoja, kwa sababu mnyororo mpya kwenye meno yaliyolika huruka unapokanyaga kwa nguvu, na utakanyaga kwa nguvu hasa wakati umebeba.